Haki za Msafiri Kwenye Dirisha la Kubadilisha Fedha

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Dubai, hujaji wa Makka, mgonjwa anayekwenda kutibiwa India: wote hupitia dirisha la kubadilisha fedha, na wengi hulipitia wakikimbizana na ndege. Sheria inawalinda, lakini sharti wajue cha kudai.

Cha kwanza ni leseni. Tanzania, fedha za kigeni huuzwa na benki au duka lenye leseni ya Benki Kuu (BoT), na bei za siku zinatakiwa kubandikwa mahali pa wazi. Bei ziko mbili, ya kununua na ya kuuza, na zote husomwa kwa upande wa duka. Kwa hiyo anayetaka dola aangalie bei ya kuuza, aulize kama kuna makato, ndipo atoe shilingi zake. Akishalipa, adai risiti.

Anayebadilisha uchochoroni hana risiti. Akibambikiwa noti bandia, hana wa kumshitaki.

Noti nazo zikaguliwe kabla ya kuondoka dirishani. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kuwa fedha halali Uingereza baada ya Septemba 30, 2022; Benki Kuu yao bado inazibadilisha, ila muuza duka wa London halazimiki kuzipokea. India ilifuta noti zake za zamani za rupia 500 na 1,000 Novemba 2016. Mteja akipewa noti za namna hiyo, azikatae palepale.

Anayekwenda Ghuba ana bahati ya hesabu nyepesi. Tangu 1997 dola moja imefungwa kwenye dirhamu 3.6725, na kwa riyali ya Saudia ni 3.75. Dola 100 basi ni takriban dirhamu 367. Dirisha likitoa 340, msafiri anajua dirhamu 27 zimebaki wapi, na ana hiari ya kuchukua dola zake akajaribu duka la pili. Anayelipa kwa kadi huweza kuulizwa kama akatwe kwa shilingi au kwa sarafu ya huko. Uamuzi ni wake, na mara nyingi sarafu ya huko humtoza kidogo.

Jambo linaloogopesha wengi ni forodha. Kubeba fedha nyingi si kosa; kosa ni kuzificha. Tanzania na Kenya zimeweka kiwango cha kutoa tamko kuwa dola 10,000 au thamani yake, Umoja wa Ulaya yuro 10,000, na Falme za Kiarabu dirhamu 60,000. Marekani huhesabu familia inayosafiri pamoja kama mkoba mmoja: mume akiwa na dola 6,000 na mke 6,000, lazima watoe tamko. Tamko halina kodi. Asiyetamka anaweza kunyang'anywa fedha zote, na afisa akiuliza zilikotoka, ile risiti ya dukani ndiyo ushahidi wa kwanza wa kumwonyesha.