Dondoo muhimu: Kila somo na mbinu yake

Ukitoka Keringet kwenda Chuo Kikuu cha Egerton, chuo cha tiba cha KMTC au chuo cha ufundi, usisome kila somo kwa mtindo mmoja.

1. Hesabu na uhasibu: funika jibu, fanya swali mpaka mwisho. Kutazama daftari la mwenzako ukiitikia kwa kichwa si kusoma. Andika hatua zote. Hata jibu likikosewa, hatua sahihi huokoa alama.

2. Anatomia: chora mwenyewe, taja sehemu bila kuchungulia. Mifupa 206 haimezwi kwa mkesha mmoja.

3. Insha: pigia mstari kitenzi cha swali. "Linganisha" haitaki upande mmoja.

4. Kilimo: shamba la nyumbani ni maabara ya bure. Kata shina la kiazi kilichonyauka, lishikilie likining'inia katika glasi ya maji safi. Ute mweupe ukichuruzika kama uzi, huo ni mnyauko wa bakteria. Jibu la swali hilo hutahitaji kulikariri.

5. Ufundi unaopimwa kwa umahiri: piga picha kila kazi, weka tarehe, omba saini ya mkufunzi siku hiyo hiyo. Wengi hukwama kwa faili tupu, mikono yao ikiwa hodari.

6. Usidharau majaribio ya katikati ya muhula (CAT): katika vyuo vikuu vingi hubeba alama 30 kati ya 100.

7. Mtihani wa asubuhi chuoni Egerton, Njoro? Lala huko. Matatu husubiri ijae, na mvua haina ratiba.

8. Kadi ya mtihani na kitambulisho: viweke tayari tangu jioni.