Mwenzi Wako Akianza Kusahau: Fanya Haya, Acha Haya

Usibishane naye. Akisema umeiba pensheni yake, au una hawara, usilete ushahidi wala kula kiapo. Auguste Deter, mgonjwa ambaye kwake daktari Alois Alzheimer aliutambua ugonjwa huu wa kusahau, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, na dalili ya kwanza nyumbani kwake ilikuwa kumwonea mumewe wivu. Zaidi ya karne imepita, na wake wa kwetu bado wanaita kikao cha wazee wajisafishe! Mwambie, "Pesa tutazitafuta pamoja," umpe chai.

Usimwulize mbele ya wageni, "Mimi ni nani?" Jitambulishe: "Ni mimi, mama Salma."

Mpeleke hospitali mapema. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, hata maambukizi ya njia ya mkojo humvuruga mzee akili, na hayo yana tiba. Kwa mganga usiende kutajiwa mchawi. Kilifi na Shinyanga wazee wameuawa kwa tuhuma hizo.

Hati ya nyumba, benki, namba ya siri ya M-Pesa: pangeni wakati bado anaelewa anachotia saini, wakili akiwepo. Kumshika dole gumba baadaye ukalichovya kwenye wino ni wizi, hata kama ni mumeo.

Chumbani napo. Asiyekutambua usiku huo, usimguse. Asipokutaka, usijihesabu umeachwa. Na akikutaka yeye, nawe umeshinda ukimbadilisha nepi na hamu imekwisha, kataa bila kujiona mwenye dhambi. Wengi hili hawalisemi hata kwa shoga yao, wanabaki kulia bafuni.

Usimfunge kamba, usimfungie ndani peke yake. Jioni wengi hudai kurudi kwao ilhali wako kwao. Mvalishe viatu, zungukeni mtaa, mrudi. Mara nyingi atakuwa ametulia.

Lala. Kukesha miezi si sifa, na ukianguka wewe, wagonjwa watakuwa wawili.

Nanyi watoto, acheni kusema "mama anaweza". Simu ya Jumapili, "Shikamoo mama, baba anaendeleaje?", haihesabiki kuwa zamu. Njoo Ijumaa, muogeshe, mlishe, amka naye saa nane za usiku, na mama aende kwa dada yake mpaka Jumapili jioni.