Usiulize "Je?", Sema "Nisimulie"

Mtafiti anapiga hodi, anapewa kigoda, anauliza: "Je, mnatumia chandarua?" Mama anajibu, "Tunatumia." Tiki kwenye hojaji. Nyuma ya nyumba chandarua chenyewe kimefunika kitalu cha mchicha, kuku wasidonoe miche. Mama hakusema uongo: kinatumika.

Kuhesabu vyandarua ni kazi ya takwimu. Kujua kimefikaje bustanini ni kazi ya utafiti wa kimaelezo, na kazi hiyo huanza na swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. "Hebu nisimulie jana mlivyolala, tangu mlipofunga mlango." Hapo utasikia habari za joto, za paa lisilo na pa kufungia kamba, za mtoto wa tatu anayelala mkekani sebuleni. Kisha nyamaza. Wanafunzi wengi hukwama hapa: mhojiwa akitulia kidogo, wao wanarukia swali linalofuata, na jibu lililokuwa linakuja linarudi tumboni.

Majadiliano ya kikundi, watu sita hadi kumi hivi, yanafaa kusikia watu wanavyobishana, si kutafuta siri. Ukimkalisha mkamwana pamoja na mama mkwe wake, umemhoji mama mkwe peke yake.

Uwahoji wangapi? Mwaka 2006 mtafiti Greg Guest na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria. Mada nyingi zilikuwa zimeshajitokeza ndani ya 12 ya kwanza. Usiifanye 12 kuwa sheria, maana wanawake wale walifanana kwa mengi. Endelea mpaka wahojiwa wapya wakuambie yale yale uliyokwisha kuyasikia.

Kibali cha utafiti cha COSTECH Tanzania au NACOSTI Kenya hakikuingizi nyumbani kwa mtu. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji au chifu, halafu umwombe ridhaa mhojiwa mwenyewe, na ya kurekodi uiombe peke yake. Akikataa kinasa sauti, andika kwa mkono.

Usiku huohuo, kabla hujalala, nakili uliyoyasikia kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe. Mama akisema chandarua "kinanikaba kama sanda", usiandike "changamoto za hewa". Neno sanda litakurudisha kwake kesho, na swali la kwanza utakuwa nalo tayari.