SOMO LA KIKUNDI: KUTUMIA VIZURI CHOMBO CHA KUANDIKIA PROGRAMU



Hapa Eastlands, kuanzia Dandora hadi Kayole na Umoja, vijana wengi wanajifunza kuandika programu za kompyuta. Lakini mara nyingi kompyuta ni moja na vijana ni wanane. Kila mmoja ana saa yake tu.

Tulikaa na kijana mmoja akirekebisha orodha ya bei ya akina mama wanaotengeneza sabuni. Neno "sabuni" lilikuwa limekosewa mahali pengi. Alilitafuta kwa macho, akifuta herufi moja moja. Kabla hajamaliza stima ikapotea, na kazi yote ikaenda nayo. Wenzake wakasema ni mvivu. Hapana! Fundi wa jua kali hufundishwa kushika randa. Huyu hakuna aliyemfundisha kushika chombo chake, yaani edita, ile programu tunayoandikia programu nyingine.

Mwalimu wetu leo ni Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetengeneza edita iitwayo Vim, iliyotolewa mwaka 1991. Mwaka 1994 alikaa Kibaale, kusini mwa Uganda, akifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Eneo hilo lilikuwa limeumizwa sana na UKIMWI. Vim aliitoa bure, akiwaomba wanaoitumia wawachangie watoto wa Uganda. Alifariki mwaka 2023. Vim bado ni ya bure, na hufanya kazi hata kwa kompyuta kuukuu.

Alifundisha hatua tatu. Zinafanana na zile tunazozijua katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

1. ONA. Angalia mkono wako. Ni kazi gani unairudia rudia?

2. AMUA. Tafuta njia ya mkato ya kazi hiyo moja. Katika Vim, bonyeza Esc kwanza, kisha:
- dd hufuta mstari mzima.
- yy hunakili mstari, na p huubandika.
- u hukurudisha nyuma ukikosea.
- Nukta ( . ) hurudia badiliko la mwisho.
- /neno, kisha Enter, hutafuta neno. Herufi ndogo n hukupeleka kwa linalofuata.
- :%s/sabni/sabuni/gc, kisha Enter, hurekebisha neno katika faili lote. Itakuuliza kila mahali: y ni ndiyo, n ni hapana.
- :w, kisha Enter, huhifadhi kazi.

3. TENDA. Tumia njia hiyo kila siku mpaka vidole vizoee bila kufikiri. Ndipo uchague nyingine. Usijaribu zote kwa siku moja, utazisahau zote. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, stima ikipotea? Vim huweka nakala ya akiba pembeni. Stima ikirudi, andika vim -r na jina la faili, uangalie kilichookolewa, kisha ukihifadhi. Lakini maneno ya mwisho yanaweza kupotea, kwa hiyo zoea kuhifadhi kila baada ya mistari michache.

Wanaotumia edita nyingine, kama Visual Studio Code, vitufe ni tofauti: Ctrl na S kuhifadhi, Ctrl na Z kurudi nyuma, Ctrl na F kutafuta. Hatua tatu ni zile zile.

Yule kijana alianza na amri moja tu, ile ya kurekebisha neno. Zamu iliyofuata alimaliza orodha ya akina mama mapema, na dakika zilizobaki akamwonyesha mwenzake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni kazi gani inakula saa zetu kwenye kompyuta ya kikundi?
2. Nani kati yetu anajua njia ya mkato ambayo hajawafundisha wenzake?
3. Tumewahi kumwita mtu mvivu kabla ya kuangalia kama alifundishwa? Tutafanya nini sasa?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.