Cherehani ya Kushonea Mifarishi na Mahali pa Kuiweka

Kila mwaka mwezi wa Juni unapoingia, watu wa Nyeri hujua ya kwamba baridi imefika. Mlima hujificha katika mawingu, ukungu hukaa mabondeni mpaka jua linapopanda sana, na siku nyingine hata mchana mtu huketi ndani na koti lake. Mji wa Nyeri uko juu ya bahari kadiri ya futi 5,800, na Nanyuki uko juu zaidi. Katika nchi ya namna hii, mtu ajuaye kushona huwaza upesi juu ya mfarishi, yaani nguo ile nene ya kujifunika ambayo hutiwa pamba katikati ya vitambaa viwili, kisha hushonwa mistari ili pamba isihame. Watu wa pwani wamelijua jina hilo tangu zamani. Huku bara wengi husema duveti, ingawa vitu hivyo viwili si kimoja hasa.

Somo letu ni juu ya cherehani ya kununua na chumba cha kuiweka. Twayaeleza mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Watu wengi hununua cherehani kwanza, kisha hutafuta pa kuiweka, na hapo ndipo fedha za chama au za mkopo zinapopotea.

Kabla hujaingia dukani, chukua futi ya fundi ufanye hesabu hii. Kitanda kinachouzwa sana kwetu ni cha futi 5 kwa 6. Mfarishi wa kitanda hicho, ukitaka uning'inie pande zote, hauwezi kupungua upana wa futi 7. Sasa fikiri unashona mstari wa katikati. Nusu ya mfarishi, yaani futi 3 na nusu, itakuwa upande wa kushoto juu ya meza, na nusu nyingine lazima ipite chini ya mkono wa cherehani, kati ya sindano na ile nguzo ya kulia. Ikiwa unene wake ni nusu inchi, nusu hiyo ukiikunja kama mkeka itakuwa gogo lenye upana wa inchi 5 na zaidi. Katika cherehani ya kawaida ya nyumbani nafasi hiyo ni inchi 6 au 7 hivi. Gogo litaingia kwa kusukumwa, lakini halitageuka, na utashindana nalo kwa mabega tangu asubuhi hata jioni. Cherehani ya kiwandani ina nafasi ya inchi 10 au zaidi kidogo, na hapo kazi huenda.

Iko cherehani nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hii tu. Mkono wake ni mrefu sana, inchi 18 na kuendelea. Kitambaa hutandazwa juu ya fremu, na cherehani yenyewe ndiyo inayotembea juu ya reli zake. Ni chombo kizuri mno. Lakini fremu ya mfarishi mkubwa huchukua urefu wa futi 10 au 12, na mshonaji ahitaji nafasi ya kuizunguka, hali chumba cha kupanga katika miji yetu mara nyingi ni futi 10 kwa 10. Tena bei yake ni ya mtu mwenye karakana na wateja tayari. Kwa anayeanza, haifai hata kuiulizia.

Je, mwenye cherehani ya miguu avunjike moyo? La, hasha. Iko njia ambayo mafundi wa mifarishi huitumia katika nchi nyingi. Usishone mfarishi mzima kwa mara moja. Ugawanye katika vipande vitatu vya upana wa inchi 28 pamoja na akiba ya mshono. Kila kipande ukitie pamba na kukishona mistari peke yake. Ukifika katikati ya kipande, kitakachopita chini ya mkono ni inchi 14 tu, na gogo lake litakuwa kama inchi 3. Kisha viunge vipande hivyo, na juu ya kila kiungo ushone utepe wa kitambaa ili pasionekane pamba. Kazi itachukua muda zaidi, bali mfarishi utakuwa imara, na huenda utepe wenyewe ukawa pambo.

Nasi kwa maoni yetu, cherehani nyeusi ya miguu, Singer ya zamani au Butterfly ya kutoka China, ingali mwanzo mwema kwa mtu wa Nyeri. Haiulizi umeme. Sindano zake na bobini zake, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, hupatikana bila shida, na fundi wa kuitengeneza hakosekani katika miji kama Karatina. Isaac Singer alipata hati ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na haikupita miaka mingi kampuni yake ikaanza kuuza kwa kulipa kidogo kidogo, kwa sababu nyumba nyingi hazikuweza kutoa bei yote kwa siku moja. Jambo hilo halijabadilika sana.

Unapokwenda kununua, usijaribu cherehani kwa kipande chembamba atakachokupa mwuzaji. Chukua kitambaa chako mwenyewe na pamba yako, ukunje mpaka upate unene wa pindo la mfarishi, utie sindano namba 16 au 18, kisha ushone mwendo wa futi 2. Geuza utazame chini. Mishono ikiwa sawasawa pande zote mbili, vema. Ikiwa mingine ni mirefu na mingine mifupi, huenda meno yanayovuta kitambaa yamelika, au mguu unaokandamiza hauna nguvu. Zungusha gurudumu kwa mkono, usikilize. Shika mti wa sindano uutikise, uone kama unacheza. Mwuzaji akikuambia, "Mama, hiyo ni kazi ya fundi," mjibu kwa adabu kwamba utarudi pamoja na fundi.

Faida ya ile ya kiwandani ni kubwa, kwa kuwa nyingine hupiga mishono 5,000 na zaidi kwa dakika. Lakini mshona mifarishi haitaji mbio hizo. Anachohitaji ni nguvu na mguu utembeao, yaani ule unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Pasipo mguu huo tabaka la juu husogea mbele, na mwisho wa mstari utaona mikunjo ambayo pasi haiwezi kuiondoa.

Tena iko habari ya umeme, na hapa mwandishi anasema kwa uchungu. Mwaka 2016 nilinunua cherehani ya kiwandani iliyokwisha kutumika, nikaisafirisha kwa pikapu mpaka nyumbani, vijana wanne wakaibeba kwenye matope. Fundi wa umeme alipoitazama mota alicheka kwanza, kisha akanionea huruma. "Mzee," akasema, "mota hii ni ya njia tatu za umeme, kama za kiwandani. Nyumba yako ina njia moja." Ilikaa miezi mitano imefunikwa gunia, mpaka nilipopata fedha za mota nyingine. Basi, soma kibati cha mota kabla hujalipa. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240 wa njia moja. Cherehani iliyotoka Marekani huweza kuwa ya volti 120, na ya Japani ya volti 100. Ukiichomeka hivi hivi utasikia harufu ya kuungua kabla hujashona hata shona moja. Na ukinunua mota mpya, tafuta ile inayozunguka wakati unapokanyaga tu. Ile ya zamani huzunguka mchana kutwa hata ukiwa unakunywa chai, na deni lake utaliona kwenye bili.

Sasa tuingie chumbani. Sakafu na iwe ya saruji, au walau pale miguu ya meza inaposimama pawe na bamba la saruji, maana juu ya udongo cherehani hutikisika na mshono hupotoka. Meza iwe sawa kwa urefu na kitako cha cherehani, nayo ienee upande wa kushoto na nyuma. Jambo hili laonekana dogo, lakini mfarishi ni mzito. Ukining'inia sakafuni huvuta sindano, nayo hupinda na kuvunjika, nawe utalaumu cherehani bure. Dirisha liwe upande wa kushoto, ili mwanga uangukie penye sindano na kivuli cha mkono wako kisifunike mshono.

Usiweke kazi hii katika jiko la kuni. Moshi hutia kitambaa cheupe rangi na harufu ambayo mnunuzi huitambua akikaribia tu. Wala usiegemeze pamba ukutani. Wakati wa masika, na katika ukungu wa Julai pia, ukuta hutoa unyevu, na pamba hunywa unyevu kama sifongo. Tengeneza rafu ya mbao iliyo mbali kidogo na ukuta. Cherehani nayo ipanguswe kila jioni, nyuzi za pamba ziondolewe kwa brashi chini ya meno, kisha itiwe mafuta ya cherehani; mafuta ya kupikia hugeuka kuwa gundi.

Lakini neno lililo kubwa kuliko hayo yote ni makaa. Mshonaji huona baridi vidoleni, huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili ukungu usiingie. Jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, iitwayo kaboni monoksaidi, nayo imewaua watu waliodhani wanasinzia kwa uchovu. Tena karibu na rundo la pamba cheche moja yatosha. Vaa sweta mbili, kunywa uji, uache jiko nje. Pasi ya makaa nayo iwashwe nje mpaka moshi wake uishe, na itumike penye dirisha lililo wazi.

Kwa habari ya mtaji, usianze na mifarishi ya vitanda vikubwa. Blanketi za viwandani na duveti za mitumba ziko kila soko kwa bei ambayo huwezi kuishinda. Anza na mifarishi ya watoto wachanga, futi 3 kwa 4. Huo hupita katika cherehani yoyote, hula kitambaa kidogo, na mama aliyejifungua wakati wa baridi hatafuti rahisi tu, atafuta kizuri. Mabaki ya vitenge na ya sare za shule huweza kupatikana kwa washonaji wa mjini kwa fedha chache. Yafue kwa maji ya moto kabla ya kukata, maana pamba mpya hurudi, na mabaki mekundu huchuja rangi. Kabla hujaandika kibao mlangoni, uliza katika ofisi ya kaunti habari za kibali cha biashara. Na ikiwa nyumba ni ya kupanga, mwarifu mwenye nyumba mapema.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa Kenya mwaka 2017, basi shona mfuko wa kitambaa kwa mabaki yaliyosalia, utie mfarishi ndani, na juu yake ushone kipande cheupe chenye kipimo chake na namna ya kuufua.