Nguvu si Mbegu

MPWA: Mjomba! Mke wangu leo kaenda kupima mirija ya uzazi.

MJOMBA: Mwaka umepita bila mimba, hospitali ni haki yenu. Wewe umepima nini?

MPWA: Mimi sina tatizo. Nguvu ninazo tele.

MJOMBA: Yale yale! Nimestaafu maabara na wimbo huo bado unanifuata. Nani kakuuliza nguvu? Kusimama ni kazi ya damu na mishipa ya fahamu. Mbegu zinatengenezwa kwenye korodani. Nguvu zinaweza kuwepo, mbegu zisiwepo.

MPWA: Lakini mjomba, samahani... hata maji yanatoka mengi.

MJOMBA: Maji! Karibu yote yanatoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu zenyewe ni asilimia chache tu. Zikikosekana zote, kwa macho huoni tofauti. Daladala inapita na honi juu, ndani hamna abiria! Anayejua ni mwenye hadubini. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16 kwa mililita. Nimepima wanaume wenye vifua kama mlango, sikuona hata moja.

MPWA: Mbona nina yule mtoto wa kabla ya ndoa?

MJOMBA: Leo ndiyo unamkumbuka? Ada yake umelipa? Yule anathibitisha kwamba wakati ule zilikuwepo, basi. Kisonono kisichotibiwa vizuri kinaweza kuziba njia ya mbegu. Na zile sindano za homoni mnazochomana jimu?

MPWA: Zile si zinaongeza uanaume?

MJOMBA: Zinaongeza misuli! Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamrisha korodani. Mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri huku wewe unajiona simba. Nguvu si mbegu, nirudie mara ngapi?

MPWA: Basi nifanyeje?

MJOMBA: Acha sindano, umwambie daktari ulikuwa unachoma. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa kwa njia yoyote, kisha toa kwenye kikopo cha maabara, si kondomu. Ukitolea nyumbani, kiweke karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Majibu yakiwa mabaya utarudia. Mbegu huchukua kama miezi 3 kutengenezwa upya.

MPWA: Siwezi kwenda jioni, watu wasinione?

MJOMBA: Mwenzio kakaa kwenye benchi la hospitali mchana kweupe, mawifi zake wakimhesabia miezi. Kesho saa mbili asubuhi uwe pale kumwona daktari, ukae naye.