Kima Punju na Panya wa Shambani: Kufanana na Kutofautiana

SWALI
Kima punju wa Unguja na panya wa shambani ni mamalia.
(a) Taja mambo matatu wanayofanana.
(b) Eleza tofauti nne kati yao.
(c) Idadi ya kila mmoja ikipungua kwa nusu, ni yupi atakayechelewa kurudia idadi ya awali? Toa sababu.

KABLA HUJAJIBU
Watahiniwa wengi hueleza kima hadi mwisho, kisha panya hadi mwisho. Hayo ni maelezo mawili, si ulinganisho. Chukua sifa moja, wataje wanyama wote wawili, ndipo uende sifa ya pili. Neno "ilhali" litakusaidia.

MAJIBU
(a) Wote wana manyoya, hunyonyesha watoto wao, na joto la miili yao halifuati mabadiliko ya joto la mazingira.

(b)
1. Uainishaji: Kima punju (Piliocolobus kirkii) yumo katika oda ya praimati, ilhali panya wa shambani (Mastomys natalensis) yumo katika oda ya wagugunaji.
2. Meno: Kima mzima ana meno 32 yakiwemo machonge, ilhali panya ana meno 16, hana machonge, na meno yake ya mbele hukua maisha yote.
3. Chakula: Kima hula zaidi majani, na tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huvunja selulosi, ilhali panya hula zaidi mbegu, nafaka na wadudu.
4. Uzazi: Kima hubeba mimba kwa takriban miezi 6 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, ilhali panya hubeba mimba kwa siku 23 hivi na aghalabu huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja.

(c) Kima punju atachelewa, kwa sababu huzaa mtoto mmoja baada ya muda mrefu. Ndiyo maana kila kima anayegongwa na gari katika barabara ya Jozani ni hasara kubwa: asili ya spishi hii ni Unguja pekee.

ANGALIZO
Usiandike "kwa sababu kima ni mkubwa". Alama hutolewa kwa kasi ya kuzaa, si kwa ukubwa wa mwili.

JIZOEZE
Mkulima wa mahindi alitega panya mara moja tu kabla ya kupanda. Kwa kutumia jibu la (c), eleza kwa nini huenda bado akapata hasara.